Firenze: Dhana Potofu Zinazoharibu Safari, na Ukweli Wake

Kinachoharibu safari nyingi za Firenze, mji wa Italia, ni kalenda kuliko pesa. Mtu anafika Jumatatu anakuta milango ya makumbusho imefungwa, au anasimama chini ya kuba la kanisa kuu na pesa zake mkononi anaambiwa nafasi za wiki nzima zimekwisha. Mji wa kale ni mdogo: kutoka stesheni ya Santa Maria Novella hadi kanisa kuu ni kama dakika 10 kwa miguu, na kutoka hapo hadi daraja la Ponte Vecchio ni dakika 10 nyingine. Udogo huo ndio unaowafanya watu wadhani hakuna cha kupanga.

Dhana: Siku moja inatosha, ukiwa njiani kutoka Roma kwenda Venezia

Treni ya mwendokasi kutoka Roma huchukua kama saa moja na nusu, kwa hiyo wengi huja asubuhi na kuondoka jioni. Hesabu yao hukwama Uffizi, makumbusho makubwa ya sanaa. Jina hilo maana yake ni ofisi tu: Giorgio Vasari alianza kulijenga jengo hilo mwaka 1560 kwa ajili ya maofisa wa Cosimo I, mtawala wa Firenze wa ukoo wa Medici. Leo lina picha za Botticelli, Leonardo, Michelangelo na Caravaggio, na kulitembelea bila kukimbia kunahitaji saa 3. Matembezi huanzia ghorofa ya juu, kwa hiyo wengi wakiteremka hadi kwa Caravaggio miguu na macho vimeshachoka, wanapita kana kwamba wako korido ya hospitali. Anza na vyumba unavyovitaka kweli, kisha pumzika kabla ya kuteremka.

Utajiri huu kubaki mahali pamoja haikuwa bahati. Mwaka 1737 Anna Maria Luisa de' Medici, wa mwisho katika ukoo wake, aliweka mkataba kwamba makusanyo ya familia hayatatolewa Firenze. Kwa hiyo panga siku 3 kamili: moja ya Uffizi na eneo la mto, moja ya kanisa kuu na majengo yake, moja ya makumbusho ya Accademia (yenye sanamu ya Daudi) na San Marco, pamoja na makanisa ya ng'ambo ya mto Arno.

Dhana: Tiketi utanunua mlangoni

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Kuingia ndani ya kanisa kuu la Santa Maria del Fiore ni bure. Kinacholipiwa ni kupanda kuba, mnara wa kengele wa Giotto, jengo la ubatizo na makumbusho ya kanisa. Tiketi inayojumuisha kuba huitwa Brunelleschi Pass. Hudumu siku 3, lakini saa ya kupanda kuba unaichagua wakati wa kununua na haibadilishwi. Ukichelewa, nafasi imepotea. Wakati wa msimu wa watalii nafasi hizo huisha siku nyingi kabla, kwa hiyo mpango wote uanze na kuba, mengine yafuate.

Fuata mpangilio huu: kwanza saa ya kuba, pili Accademia, tatu Uffizi. Uffizi chagua nafasi ya kwanza, saa 2:15 asubuhi (kwenye tiketi utaona 08:15), kabla makundi hayajajaa. Usiweke Uffizi wala Accademia siku ya Jumatatu, kwani zote mbili hufungwa. Nunua kwenye tovuti za makumbusho zenyewe: uffizi.it kwa Uffizi, duomo.firenze.it kwa kanisa kuu. Ukitafuta kwenye intaneti, matokeo ya juu mara nyingi ni ya wauzaji wa kati, wenye kurasa zinazofanana na za rasmi na bei ya juu zaidi. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti uwe nayo.

Dhana: Kuna lifti ya kwenda juu ya kuba

Hakuna. Ni ngazi 463, nyembamba, nyingine za kuzunguka. Msanifu Brunelleschi alilijenga kuba hilo kati ya 1420 na 1436 likiwa na maganda mawili, la ndani na la nje, na wewe unapanda katika nafasi iliyo kati yake. Njiani unapita karibu kabisa na mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Vasari na Zuccari, na hilo peke yake linalipa jasho. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, au anayeogopa sehemu za kubana asijaribu. Mnara wa Giotto una ngazi 414, nao hauna lifti, lakini una vituo vya kupumulia kila sehemu. Tena, ukiwa mnarani kuba lenyewe linaingia kwenye picha yako. Ukiwa juu ya kuba, hulioni.

Begi kubwa haliruhusiwi kupanda, liache kwanza sehemu ya kuhifadhi mizigo. Na kwa kanisa lenyewe, mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza tatizo hilo.

Dhana: Mwanafunzi na mtoto hulipa nusu

Katika makumbusho ya serikali, Uffizi na Accademia zikiwemo, mtoto wa chini ya miaka 18 huingia bure, awe raia wa nchi yoyote. Kijana wa miaka 18 hadi 25 hulipa euro 2 kama ni raia wa Umoja wa Ulaya. Kitambulisho cha chuo cha Nairobi au Dar es Salaam hakimpi nafuu hiyo, kwa hiyo bajeti ihesabu bei kamili.

Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho hayo huwa bure kwa wote. Kwa Uffizi siku hiyo hakuna kuweka nafasi, na foleni huwa ndefu mno. Mwenye siku 2 tu mjini anapoteza nusu ya moja kwa kusimama. Kuba halimo katika utaratibu huo, kwa sababu majengo ya kanisa kuu yana usimamizi wake.

Dhana: Sanamu ya Daudi ya Michelangelo ni ile ya uwanjani

Ile iliyosimama mbele ya jumba la Palazzo Vecchio ni nakala iliyowekwa mwaka 1910. Sanamu halisi, iliyochongwa kati ya 1501 na 1504, ilihamishiwa Accademia mwaka 1873 ili isiendelee kuharibiwa na mvua na jua. Milango ya dhahabu ya Ghiberti kwenye jengo la ubatizo nayo ni nakala, na ya asili iko katika makumbusho ya kanisa kuu, ambayo wengi huyaruka ingawa tiketi ya kuba tayari inayajumuisha. Lakini hatua chache tu kutoka kwa nakala ya Daudi, chini ya matao ya Loggia dei Lanzi, sanamu ya Perseus ya Cellini ni ya asili, na humlipi mtu kuitazama.

Dhana: Gari la kukodi litarahisisha mambo

Katikati ya mji ni eneo la ZTL, ambako gari lisilo na kibali hupigwa picha na kamera langoni. Hakuna askari wa kukusimamisha, kwa hiyo dereva hajui kitu. Kampuni ya gari hutoa jina lake, humkata ada ya usumbufu kwenye kadi, na faini humfikia miezi baadaye. Ukipita malango matatu, faini zinaweza kuwa tatu. Kama lazima uje na gari, liache Villa Costanza, maegesho yanayofikiwa moja kwa moja kutoka barabara kuu ya A1, kisha panda tramu ya T1 hadi stesheni. Anayetua uwanja wa ndege wa Firenze atumie tramu ya T2.

Kwa treni, angalia jina la stesheni. Firenze S.M.N. ndiyo ya katikati, ila baadhi ya treni husimama Campo di Marte au Rifredi. Tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida ya mkoa lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo unaweza kutozwa faini hata kama umelipa nauli.

Dhana: Viza ya Italia ni jambo la wiki moja

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na uamuzi wa kawaida huchukua siku 15, ingawa unaweza kufika siku 45. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Ukipitia nchi kadhaa, omba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Hoteli chagua inayoruhusu kufuta bila malipo, na tiketi za kuba nunua baada ya viza kutoka, kwani hazirudishwi pesa.

Dhana: Sanaa ya Firenze ni ya wenye pesa

Picha za mchoraji Ghirlandaio zimo katika makanisa ya Santa Trinita na Ognissanti (hili la pili ndimo alimozikwa Botticelli), na kuingia makanisa hayo ni bure. San Miniato al Monte, lililoanza kujengwa mwaka 1018 kilimani, nalo ni bure, na mji wote unauona kutoka pale. Makanisa mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, kwa hiyo yaweke asubuhi au jioni, na mchana ule.

Kahawa ya kusimama kaunta ni nafuu kuliko ya mezani. Ukitafuta duka au mgahawa, soma namba vizuri: Firenze ina namba za aina mbili katika mtaa mmoja. Zenye herufi r, yaani nyekundu, ni za biashara, na nyingine ni za makazi. Namba 15r inaweza kuwa mbali kabisa na 15.