Dawa za kutuliza wagonjwa mahututi ICU: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Dhana: Aliye kwenye mashine ya kupumulia lazima alazwe usingizi mzito.
Wengi wanahitaji utulivu mwepesi tu: -2 hadi 0 kwenye RASS, kipimo cha kina cha utulivu ambapo 0 ni kuwa macho na mtulivu. Ukimwita jina, afumbue macho akutazame. Usingizi mzito una wenyewe: aliyepewa dawa ya kulegeza misuli, mwenye degedege lisilokoma, au ambaye mapafu yameharibika sana na anapigana na mashine.

Dhana: Akihangaika, ongeza dawa.
Kwanza mkague. Makohozi yameziba mrija wa kupumulia? Katheta (mrija wa mkojo) imejikunja, kibofu kimejaa? Dawa za kutuliza kama propofoli na midazolamu haziondoi maumivu hata chembe. Humfumba macho tu, huku moyo ukienda mbio. Anza na dawa ya maumivu, fentanili au morfini.

Dhana: Midazolamu huisha haraka.
Dozi moja, sawa. Ikitiririka siku kadhaa hujikusanya kwenye mafuta ya mwili, na figo zikiwa mbovu, mabaki yake ambayo nayo hulevya hayatoki. Unazima pampu Jumatatu, Jumatano bado amelala. Akiamka, huenda amechanganyikiwa. Ndiyo maana miongozo ya PADIS ya 2018, ya maumivu na utulivu wa wagonjwa wa ICU, iliweka mbele propofoli na dawa nyingine ya kutuliza, deksmedetomidini. Hata hivyo, presha ikiwa chini sana, midazolamu bado ina nafasi yake.

Dhana: Propofoli haina gharama mwilini, kwani hutoka upesi.
Piga hesabu. Mgonjwa wa kilo 70, miligramu 2 kwa kilo kwa saa: miligramu 140, yaani mililita 14 za propofoli ya asilimia 1 kila saa. Kwa siku ni mililita 336, na kila mililita ina kilokalori 1.1 za mafuta: takriban 370. Zisipotolewa kwenye hesabu ya chakula cha mrija, analishwa kupita kiasi. Mafuta hayo hayo hustawisha bakteria, hivyo mrija unaopitisha dawa hubadilishwa kila saa 12. Pima trigliseridi, yaani mafuta kwenye damu. Ukivuka miligramu 4 kwa kilo kwa saa kwa zaidi ya saa 48, hatari ni damu kujaa asidi, misuli kuvunjika na moyo kushindwa. Presha hushuka mapema zaidi, hasa ukimsukumia dozi kwa mkupuo.

Dhana: Deksmedetomidini imezishinda zote.
Utafiti wa SPICE III wa 2019, wenye wagonjwa wapatao 4,000, haukuona tofauti ya vifo kwa siku 90. Sifa yake ni kutozima pumzi, hivyo inaweza kuendelea hata mrija wa kupumulia ukitolewa. Lakini hupunguza mapigo ya moyo, na haifikishi usingizi mzito: aliyelegezwa misuli akipewa hiyo peke yake anaweza kuwa macho, asiweze hata kupepesa.