Makaburi ya Gede: sheria haiulizi kama unaamini majini

Tangu UNESCO ilipoiandika Gede, mji wa kale wa Waswahili uliomo msituni pwani ya Kenya, katika orodha ya Urithi wa Dunia, Julai 2024, maswali kuhusu makaburi yake yamekuwa mengi, na mengi hayahusu historia. Watu wanauliza majini huonekana saa ngapi, na kama mtu anaweza kuruhusiwa kulala humo usiku mmoja. Hilo la pili jibu lake ni hapana. Hilo la kwanza si kazi ya idara ya mambo ya kale kulijibu, ila ndilo lililozaa tatizo ninalotaka kulieleza.

Wagiriama wanaouzunguka msitu ule wamerithi imani kwamba watu wa kale bado wanaulinda mji wao, na anayeuchezea hupata madhara. James Kirkman, Mwingereza aliyeongoza uchimbaji kuanzia 1948, naye alieleza kwamba siku za mwanzo alihisi yupo anayemtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki. Hatubishani na mtu kwa alichohisi. Tena tunaishukuru hofu hiyo. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, miti ikaota sebuleni na misikitini, na woga wa wazee ukawa mlinzi wa mahali pale muda mrefu kabla serikali haijaweka mlinzi wa kulipwa.

Kinachotuumiza ni woga uliogeuzwa burudani. Mtu anakuja na simu, anawasha mshumaa juu ya kaburi ili picha itishe. Nta ikidondokea lipu ya chokaa huzama ndani, na ukiibandua hutoka na ngozi ya lipu yenyewe. Lile tunaloliita Kaburi la Tarehe lina maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Herufi zake ni hafifu. Lazima uiname, na jua la ubavuni ndilo linalozifichua. Basi mgeni akiona hazisomeki vizuri, huzifuata kwa kidole, au kwa chaki. Tafadhali, acheni. Tarehe kama ile hatuna nyingine ya kuweka mahali pake, na kila kidole huondoka na unga kidogo wa chokaa.

Jingine ni hazina, na hapa nisameheni nikisema kwa ukali, maana tumelieleza hadi tumechoka. Hakuna dhahabu! Yale ni makaburi ya Waislamu. Maiti alilazwa kwa ubavu wa kulia, ndani ya sanda, uso ukielekea Kibla, ambacho kwa Gede kiko kaskazini. Hakuzikwa na mali. Anayechimba pale anavunja kaburi la mtu, basi.

Sasa sheria. Inayotumika ni Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895, isipokuwa kitabu au hati, ni kitu cha kale. Kigae cha chungu kimo, ushanga umo, kipande cha bakuli la Kichina kimo, hata kama ni kidogo kuliko ukucha. Mabaki ya binadamu ya umri huo nayo yamo. Kuchimba kunahitaji leseni ya waziri, na kukitoa kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukikuta kitu, hata shambani kwako wakati wa kulima, unatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa na jinsi ulivyokipata, na kitu chenyewe ukikabidhi. Siku hizo 7 zinahesabiwa tangu siku ya kukipata. Siku uliyokumbuka kutupigia haihusiki. Anayekiuka hushtakiwa mahakamani, na kusema "sikujua" hakumwondolei kosa.

Ukija, njoo mchana, pita njia zilizowekwa, usiketi juu ya kaburi wala kuegemea nguzo yake. Kima usiwalishe. Mwislamu atawasalimu watu wa makaburini kama alivyofundishwa. Asiye Mwislamu, utulivu wake unatosha. Anayetaka kuomba dua aombe, ila ubani na mishumaa asiiwashe juu ya jiwe.

Kuna mama mmoja alituletea bahasha. Ndani mlikuwa na kigae cha kauri, nyeupe na buluu, kimefungwa katika pamba. Mwanawe alikiokota walipotembelea Gede, kisha mtoto akaanza kuugua, na mama akawa hana usingizi. Nilimpokea vizuri, nikamshukuru, kwa kuwa alifanya jambo gumu. Nikamuuliza kiliokotwa wapi hasa, maana kigae kilichotoka sakafuni mwa nyumba hutuambia habari moja, na kilichotoka kando ya kaburi hutuambia nyingine kabisa.

"Karibu na ukuta," akasema.

Gede imezungukwa na kuta mbili, wa nje na wa ndani, na katikati kuna kuta za nyumba, za misikiti, za jumba la mfalme na za makaburi. Kigae kile tumekiweka kwenye droo. Hakuna pa kukirudisha.