Ukivuka boda ya Kasumulu bando likakata, GPS haifi
Washkaji wengi hapa Mbeya wanaotaka kwenda Malawi au Zambia na pikipiki wanaamini simu ikishavuka boda bila bando basi ramani imekufa, eti ndo maana lazima ununue Garmin, kile kifaa cha GPS peke yake. Sio kweli aisee. GPS haitumii intaneti kujua ulipo, inapokea tu mawimbi ya satelaiti zilizo juu kama kilomita 20,200, ikizipata nne inatosha, hata laini ukiitoa. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani, sa we idownload ukiwa bado Mwanjelwa kwenye waifai, app kama OsmAnd au Organic Maps zinakupa nchi nzima bure, afu ukifika Karonga, Malawi, unaendelea kama kawa.

Garmin zūmo, ile ya pikipiki, ina faida zake lakini, mvua ya Tukuyu haiisumbui (na mnaijua ile mvua), unaigusa na glovu, na haina kamera ya kuharibika, maana Apple wenyewe 2021 walionya mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kushusha ubora wa kamera ya iPhone. Ila ukiagiza ya mtumba Ulaya cheki kwanza ramani iliyomo, isije ikawa inaijua Ujerumani tu.