Kwa nini chanjo ya surua husubiri miezi tisa

Kila surua inapoingia mtaani, kina mama wenye watoto wa miezi sita au saba hufika kliniki wakitaka wachanjwe siku hiyohiyo. Wakiambiwa wasubiri, wengine hudhani ni urasimu wa wauguzi. Sivyo.

Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopata kwa mama kupitia kondo la nyuma, nyingi zikiwa zimepita miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Ndiyo maana mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, huwa na akiba ndogo. Kingamwili hizo humlinda, ila mwili wake hauzitengenezi upya. Hupungua taratibu hadi kwisha. Sasa, chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa, nacho lazima kizaliane kidogo mwilini ndipo mtoto ajenge kinga yake mwenyewe. Kikikuta kingamwili za mama bado ni nyingi, humalizwa kabla hakijafanya kazi. Maziwa ya mama hayana tatizo hilo, kwa hiyo endelea kunyonyesha.

Mtoto akichanjwa akiwa na miezi 9, uwezekano wa kupata kinga ni takriban asilimia 85. Akifikisha miezi 12, takriban asilimia 95. Marekani, ambako surua ni adimu, husubiri miezi 12. Tanzania na Kenya haziwezi kungoja hivyo, maana surua bado inazunguka na huwaumiza zaidi wachanga: nimonia, kuhara, hata upofu. Basi tunachanja miezi 9, tukijua wako ambao haitashika.

Hao ndio wanaofuatwa na dozi ya miezi 18, na ndiyo inayorukwa sana. Mtoto anakimbia, ana afya, kadi imeshasahaulika kabatini. Lakini kwa kumtazama tu huwezi kujua kama ile ya kwanza ilishika.

Kuna jambo jingine. Mama aliyewahi kuugua surua humpa mtoto kingamwili nyingi kuliko mama aliyekingwa kwa chanjo. Kina mama wengi wa leo walichanjwa, kwa hiyo watoto wao huishiwa mapema, wengi kabla ya miezi 9. Wakati wa mlipuko, kwenye kambi za wakimbizi, au mtoto akiwa na maambukizi ya VVU, hutolewa dozi ya ziada kuanzia miezi 6. Hiyo haihesabiwi kwenye ratiba, za miezi 9 na 18 zinabaki palepale.

Ukiambiwa urudi siku nyingine, mara nyingi sababu ni kichupa. Chanjo ni unga, kwa kawaida dozi 10, na ukishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6. Kwa maoni yangu, afadhali dozi 9 zimwagwe kuliko kumrudisha mtoto mmoja nyumbani. Omba kichupa kifunguliwe. Na aliyepitwa na tarehe aletwe vilevile. Haanzi ratiba upya, anaendelea pale alipoachia.