Fiziotherapia ni nini kwa mwanamichezo aliyeumia?

Fiziotherapia ni tiba ya kuurudishia mwili mwendo na nguvu zake kwa mazoezi yaliyopimwa, kwa mikono ya mtaalamu, na kwa kumfundisha mgonjwa namna ya kuutumia mwili wake. Wengi huichanganya na kuchuliwa. Kuchua kumo, na kunatuliza maumivu, lakini kiini cha tiba hii ni mzigo: msuli, kano (uzi mgumu unaofunga msuli na mfupa) au kiungo hupewa kazi kinayoiweza leo, kisha kazi hiyo huongezwa kidogo kidogo mpaka ifikie ile ambayo mchezo wenyewe unaidai.

Kifundo cha mguu kilichoteguka kinalionyesha hili vizuri. Mchezaji ameruka, akatua vibaya, unyayo ukageukia ndani. Kinachoumia mara nyingi ni ligamenti za upande wa nje, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Mtaalamu kwanza anataka kujua kama kuna mfupa uliovunjika. Tangu mwaka 1992 viko vigezo vinavyoitwa kanuni za Ottawa: mtu akishindwa kupiga hatua 4, pale alipoumia na hata anapopimwa, au mifupa fulani ya kifundo na ya kati ya mguu ikiuma inapobonyezwa, apigwe eksirei. Asipokuwa na dalili hizo, kuvunjika ni nadra sana.

Kuhusu siku za mwanzo, ushauri umebadilika. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin alitoa kanuni iliyoenea kote: pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua mguu. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa huenda vikachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ni sehemu ya mwili kujikarabati. Barafu bado inafaa kutuliza maumivu, dakika 10 hadi 20, ikitenganishwa na ngozi kwa kitambaa. Kulaza mguu wiki nzima ndiko kusikofaa. Baada ya siku moja hadi tatu, kwa mteguko wa kawaida, kifundo kianze kuchezeshwa juu na chini, kisha kikanyagiwe taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Maumivu yakiisha, wengi hurudi uwanjani. Hapo ndipo kosa lilipo. Ligamenti hazifungi mifupa tu. Zina neva zinazouambia ubongo mguu umekaaje. Zikichanika, taarifa hiyo inafika ikiwa dhaifu au imechelewa, na kifundo kinapoyumba misuli haiwahi kukishika. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena na tena pale pale. Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja: kwanza macho wazi, halafu umefumba, halafu juu ya mto laini, halafu huku ukidaka mpira, mwisho kuruka na kutua. Linaonekana zoezi la kitoto, na ndiyo sababu hurukwa kuliko yote. Kwangu hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi.

Kano za kisigino zina tabia nyingine. Hupata damu kidogo, hupona polepole, na pumziko peke yake huziacha dhaifu vile vile. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Uswidi na wenzake walichapisha programu ya kushusha kisigino taratibu ukingoni mwa ngazi: mara 15, seti 3, mara mbili kwa siku, wiki 12. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakiwa makali zaidi asubuhi inayofuata, mzigo ulikuwa mkubwa mno.

Goti lililokatika ligamenti ya msalaba ya mbele linahitaji subira kubwa zaidi. Hata baada ya upasuaji uliokwenda vizuri, wataalamu wengi hawaruhusu mashindano kabla ya miezi 9, na hupima kwanza kama mguu ulioumia umefikia angalau asilimia 90 ya nguvu za ule mzima.

Kinga nayo hufuata mantiki ile ile ya mzigo. Misuli ya nyuma ya paja huchanika mtu anapokimbia kwa kasi. Zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo, ukajishusha mbele polepole, limeonekana katika tafiti nyingi kupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. FIFA ina programu ya dakika 20 hivi ya kupasha mwili moto, iitwayo 11+, yenye mazoezi ya kukimbia, ya nguvu, ya kusawazisha mwili na ya kutua. Katika utafiti wa timu za wasichana Norwei uliochapishwa mwaka 2008, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja. Kunyoosha misuli ukiwa umetulia tu bila mwendo hakujaonyesha faida ya aina hiyo.

Yapo mambo yasiyosubiri zoezi lolote: goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache, kiungo kilichopinda, ganzi au ubaridi chini ya jeraha, na shavu la mguu lililovimba, lenye joto na maumivu siku kadhaa baada ya kuumia, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asichuliwe.