Kwa nini vidimbwi vya kinamasi cha mboji hujipanga kwa mistari

Ukiitazama Flow Country, eneo kubwa la vinamasi vya mboji kaskazini kabisa mwa Uskoti, kutoka angani, utadhani kuna mtu aliyechimba vidimbwi vile kwa mpango. Hakuna. Mchoro hujichora wenyewe, na huanzia kwenye tofauti ya kimo ya sentimita chache.

Mboji ni mabaki ya mimea ambayo hayaozi sawasawa kwa sababu maji yameizuia oksijeni. Huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka, mara nyingi chini ya hapo. Palipoinuka kidogo huota vichaka vifupi pamoja na mimea midogo isiyo na mizizi kama Sphagnum fuscum, ambayo huoza polepole mno. Palipobonyea hukaa Sphagnum cuspidatum, laini, inayooza upesi zaidi. Hivyo tuta huzidi kupanda na bonde hubaki nyuma. Wengi huamini kidimbwi kimechimbika kwenda chini. Aghalabu ni kingo zake zilizopanda. Maji yakishakuwa wazi, mawimbi humega kingo na vidimbwi jirani huungana.

Mwelekeo wa mistari huamuliwa na mteremko. Mboji ya tuta hupitisha maji kwa shida kuliko ya bondeni, kwa hiyo maji yanayoteremka hukwama upande wa juu wa tuta na kutandaa. Ukanda huo uliolowa hauruhusu tuta jingine kuota karibu. Ndiyo maana matuta hukata mteremko, kama yale ya kukinga mmomonyoko shambani. Mteremko usiofika digrii 1 unatosha, na vinamasi vya Ufini viitwavyo aapa, vyenye matuta na mabonde yanayopishana, vinaonyesha hilo waziwazi. Kwenye tambarare, maji yasipokuwa na upande wa kwenda, vidimbwi hutawanyika bila mpangilio.

Ukitaka kupima kimo cha maji ndani ya mboji, chomeka mabomba ya plastiki yaliyotobolewa kuanzia tuta hadi kidimbwini. Usipime kutoka usoni mwa mboji peke yake: uso huo hupanda mvua ikinyesha na kushuka wakati wa kiangazi, na vipimo vitakudanganya. Kipimo kifungwe kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa mpaka kwenye udongo mgumu chini ya mboji.

Kinachoharibu haya yote ni mtaro. Ukikata tuta, maji yaliyokwama juu yake hutoroka, kidimbwi hukauka, mboji hupata hewa na kuanza kuoza. Dawa ni kuziba mtaro kwa vizuizi vya mboji yenyewe, vikikaribiana zaidi kadiri mteremko unavyokuwa mkali. Kizuizi kimoja tu huzungukwa na maji pembeni.