Jengo la maduka Tanga: msamaha wa ushuru si wa bure

Hoja ya wanaotetea kuwasamehe ushuru wanaojenga majengo ya maduka ni hii: bila msamaha jengo lisingejengwa, kwa hiyo halmashauri haipotezi kitu. Inasikika vizuri, ila inasahau wapangaji watatoka wapi.

Tuanze na mamlaka. Kodi ya majengo si ya jiji kusamehe. Tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kinachobaki mezani ni vitu kama ushuru wa huduma, unaotozwa kwa asilimia ya mauzo.

Sasa chukua mfano wa kubuni. Mtu anajenga vyumba 40 vya maduka bila mpangaji hata mmoja aliyesaini, kwa matumaini tu. Anapewa msamaha wa miaka 5 unaowafuata wapangaji. Maduka 28 yanahamia kutoka Ngamiani, eneo jingine la jiji hilohilo, 4 ni mapya, vyumba 8 vinabaki na kufuli. Kila duka lililohama lilikuwa likilipa shilingi 300,000 kwa mwaka. Hapo zinapotea milioni 8.4 kila mwaka, milioni 42 kwa kipindi chote. Yale 4 mapya? Nayo yamesamehewa. Taka zao zitazolewa vilevile, na fremu za Ngamiani zimebaki tupu.

Kiwanda kinachouza nje ni habari nyingine: hakinyang'anyi wateja wa duka la jirani.

Kabla ya kusaini, diwani adai mikataba ya upangaji kwa angalau nusu ya vyumba, awaondoe kwenye msamaha wanaohama ndani ya jiji, na aweke kifungu cha kurudisha fedha zilizosamehewa vyumba vikikaa vitupu.